Nyumba Isiyo na Ufa

Jumamosi, 17 Agosti

Kwa masikitiko makubwa natangaza kuvunjika kwa mkono wa kikombe cha mume wangu Lusubilo, kile chenye picha ya jogoo, kilichoitumikia familia hii kwa uaminifu tangu harusi yetu. Marehemu alikuwa mezani, ametulia, hana ugomvi na mtu. Saa nne asubuhi meza ikatembea kidogo, kikombe kikaifuata, halafu kikaacha kuifuata. Mazishi yamefanyika jalalani bila hotuba. Mfiwa anakunywa chai kwa kushikilia kitambaa.

Lusubilo anasema ni lori lilipita. Nimemwambia lori la mwisho kupita Ikinga lilikuwa la kampeni.

Jumapili, 18 Agosti

Limepita tena, wakati wa sadaka. Mzee Enoka, mzee wetu wa kanisa, alishika kapu kwanza, ndipo akakimbia.

Jumanne, 20 Agosti

Redio imeeleza. Ni matetemeko ya ardhi, yanaanzia chini ya Ziwa Nyasa karibu na ufuko, na yanakuja kwa makundi, madogo madogo, pengine kwa wiki, pengine kwa miezi. Ziwa lenyewe huku milimani hatulioni. Tunaliona kwa dagaa wake tu, tena wakiwa wamekauka. Mtaalamu amesema hakuna sababu ya hofu. Tangu aseme hivyo, watu wanalala nje.

Jumatatu, 26 Agosti

Nimeacha kuyaandika moja moja, kama mtu anavyoacha kuhesabu chafya za mtoto mwenye mafua. Nyumba zimeanza kupasuka. Nyumba zetu karibu zote ni za matofali ya kuchoma, na matofali yenyewe tumeyashikanisha kwa udongo. Saruji tunapaka ukuta wa mbele, pale macho ya wageni yanapoishia.

Jioni mwenyekiti wa kitongoji, Eliakim, amepita akitangaza kwamba serikali huenda ikaleta mabati kwa walioathirika. "Huenda" aliisema kwa sauti ya mgonjwa, "mabati" akaisema kwa sauti ya mnada. Uchaguzi wa vitongoji ni Novemba. Papo hapo ufa ukageuka kuwa mali. Nimewasikia bombani:

"Wako unaingiza nini, mama?"

"Kidole."

"Kidole tu! Wangu unaingiza ngumi."

"Ngumi ya nani? Ya kichanga?"

Mke wa Mzee Enoka hakuchangia. Alijitwisha ndoo yake na kutabasamu kama mtu mwenye ekari za kahawa Mbozi.

Jumamosi, 31 Agosti

Nimempelekea Mzee Enoka suruali yake niliyoipunguza kiuno. Nimemkuta nyuma ya nyumba na bisibisi, anachokonoa udongo katikati ya matofali.

"Nasafisha, Mama Angel," akasema.

Nikamwambia hata mimi nasafisha hivyo hivyo, ila natumia ufagio.

Jumanne, 3 Septemba

Kimya leo. Watu wamenuna.

Jumapili, 8 Septemba

Baada ya ibada Eliakim amesimama kwenye matangazo. Ameunda kamati ya kukagua nyufa. Kamati ni yeye, Mzee Enoka, na yeyote atakayeshikwa na njaa karibu na nyumba itakayochinja kuku.

Alhamisi, 12 Septemba

Kamati imekula kuku wanne wiki hii na kukuta nyufa kila mahali. Leo imefika kwa Bibi Tumpale, jirani yangu. Cherehani yangu iko barazani, mlango wa bibi uko ng'ambo ya njia, kwa hiyo nimesikia bila hata kujinyoosha.

Bibi ni mjane, na nyumba yake ni ya zamani: nguzo na fito zilizofumwa, zikajazwa udongo, juu nyasi. Kila Jumamosi tangu nimjue anachanganya udongo na mavi ya ng'ombe na kusiriba ukuta wake kwa kiganja, ili Jumapili imkute safi. Tangu ardhi ianze kutikisika anasiriba kila siku. Aliwahi kuniambia, akijua naelewa mambo ya nguo, kwamba ufa ukutani ni sawa na gagulo linaloning'inia chini ya sketi. Mwanamke hatoki mbele za watu hivyo.

"Bibi," Eliakim akauliza, "nyumba yako haijapasuka?"

"Imepasuka."

"Wapi?"

"Hapo. Nimeziba."

"Lini?"

"Leo, kabla ya uji."

"Na ufa wa jana?"

"Wa jana nimeuziba jana. Ulitaka niulaze?"

Eliakim akauzunguka ukuta wote, anaugonga kwa kidole kama anayenunua tikiti. Ukuta ulikuwa laini kuliko shavu lake. Akamnong'oneza Mzee Enoka kwa sauti ya kusikika mpaka bombani:

"Anaziba."

"Nimeona."

"Mtu asiye na jambo la kuficha, anaziba nini?"

"Ufa," Bibi akasema.

Hawakucheka. Nimecheka mimi, peke yangu, na Mzee Enoka akageuka kunitazama. Sikulipenda lile jicho.

Jumamosi, 14 Septemba

Neno limeshafika kila nyumba: tetemeko linapasua kwa kila mtu, ila kwa Bibi Tumpale linapita na kubisha hodi. Mbwa hamng'ati mwenye mbwa, ndivyo wanavyoeleza. Nimejaribu kumwambia mke wa Enoka kwamba nyumba ya fito inacheza na kurudi, ya matofali haijui kucheza, na kwamba isitoshe bibi anasiriba. Amenisikiliza vizuri sana.

"Kwa hiyo na wewe unajua," akasema.

Jumapili, 22 Septemba

Kanisani Bibi amekaa peke yake kwenye benchi la watu sita. Nimekwenda kukaa naye, Lusubilo akanivuta gauni. Nikakaa alipo Lusubilo. Nilijiambia ni kwa sababu ya mshono wa gauni.

Jumanne, 24 Septemba

Kubwa leo. Pembe ya juu ya ukuta wa shule imemwaga matofali mawili. Watoto walikuwa uwanjani. Kutoka hapo wamekuja moja kwa moja kurusha mawe kwenye nyasi za paa la Bibi, na mama zao wamesimama njiani wakisema, "Acheni, nyie," kwa ile sauti ya kumbembeleza mtoto amalizie uji.

Mchana wanaume wanne wamesimama mbele ya cherehani yangu. Mmoja akauliza petroli inauzwa wapi karibu. Hakuna hata mmoja wao mwenye pikipiki.

Jumatano, 25 Septemba

Nimevuka njia mapema, Bibi akiwa bado anakanda udongo.

"Usisiribe," nikamwambia.

"Leo?"

"Leo, kesho, mpaka hili lipite. Waache waone ufa. Wakiuona wataondoka."

Akaendelea kukanda. "Mama Angel, wewe ukishona gauni, mteja akuambie uache pindo limefumuka ili majirani wasimwonee wivu, utafanya?"

"Nitafanya kama majirani wanauliza petroli."

Akatazama mikono yake, ilikuwa imejaa tope mpaka kwenye viwiko. Yule bibi ameijenga ile nyumba na mumewe, fito kwa fito, na akamzika mumewe nyuma yake. Mwanaye Dennis yuko Tunduma, anapakia malori mpakani, na kila akija anamwomba wahame, na kila akija bibi anampikia maharage na kumsindikiza.

"Yaani nionekane mchafu," akasema, "ili nionekane mwema."

"Ndiyo, Bibi."

"Haya. Lakini wakija wageni, uwaambie si kawaida yangu."

Akalifunika tope lake kwa gunia bichi lisikauke.

Alhamisi, 3 Oktoba

Amevumilia siku chache. Leo nimeona ufa wa upande wa jua umetoweka. Nimevuka kumgombeza.

"Ni ule mdogo tu," akasema, kama mlevi anayeeleza chupa. "Ulikuwa unaniangalia nikila."

Sikuwa na la kufanya. Nimechukua kisu changu cha kufumulia nikachora ufa ukutani, kuanzia chini ya paa mpaka usawa wa kiuno. Nimeufanya mzuri, wenye kona na matawi. Bibi aligeuza uso upande mwingine, kama mtu anayechomwa sindano. Nilipomaliza nikasimama mbali kuutazama, na nakiri niliupenda.

Jumatatu, 7 Oktoba

Nimeiita kamati mwenyewe. Eliakim ameutazama ufa wangu muda mrefu. Nimeona uso wake ukishuka: amepoteza mchawi, na uchaguzi umekaribia. Mzee Enoka akaingiza kidole, akakitoa, akakinusa.

"Ni ufa," akakubali.

"Pole sana, Bibi," Eliakim akasema. "Kumbe na wewe ni mwenzetu."

Nilitaka kuimba. Wanawake wawili waliokuwa wanapita wamemsalimia Bibi, mmoja akamtania kwamba amechelewa sana kupasuka. Bibi akacheka. Akawaeleza kwamba si kawaida yake.

Jumatano, 9 Oktoba

Wilaya imepiga simu: kila kitongoji kionyeshe kimechukua hatua gani kuhusu nyumba hatarishi. Eliakim ametembea na kopo la rangi nyekundu akitafuta nyumba hatarishi.

Ya kwake ina ufa, lakini ameshaukagua na kuukuta hauna madhara. Ya Mzee Enoka ina ufa wa kupitisha paka, lakini ile inasubiri mabati, haiwezi kubomolewa kabla ya kuonekana. Wengine wote wana wanaume nyumbani na wanaume wana kura. Saa tisa nimesikia brashi ng'ambo ya njia. Alama ya mkasi, nyekundu, ile ya nyumba ya kubomolewa, juu ya ufa wangu.

"Kwa usalama wake," Eliakim ameniambia. "Si wewe ndiye uliyetuonyesha?"

Alhamisi, 10 Oktoba

Nimemwambia Eliakim ufa nimeuchora mimi kwa kisu. Mbele ya watu watano nimemwambia.

"Mnaona," akawaambia wale watu. "Bibi hana ufa."

Jumamosi, 12 Oktoba

Wamekuja baada ya chai, wengi kuliko waliokuja kuchimba msingi wa zahanati. Waliokuwa wakimwogopa wamekuja na majembe, na waliokuwa wakimhurumia wamekuja na kamba. Bibi wamemkalisha kwangu barazani, kwenye kiti cha wateja. Alikuwa amejitanda kitenge chake cha kanisani. Jana jioni alisiriba nyumba yote. Ilikuwa inang'aa.

Wamepiga kwa majembe, udongo ukadondoka, fito zikabaki zimesimama kama mbavu. Wamefunga kamba kwenye nguzo ya kati wakavuta, wanaume kumi na zaidi, wakihesabu "moja, mbili, twende!" Nyumba ikaegemea upande wao. Walipolegeza kupumua, ikarudi. Wakavuta tena, ikaegemea, ikarudi. Watoto wakaanza kuishangilia nyumba. Mzee Enoka akasema ni dawa zilizomo chini ya kizingiti, hakuna nyumba ya tope inayogoma hivi. Mimi nikasema ndivyo ilivyokuwa ikifanya tangu Agosti, lakini nilisema kwa sauti ya ndani.

"Msumeno," Eliakim akaagiza.

Nikamwona Lusubilo anatoka nyumbani kwetu na msumeno wake mkononi. Nikadhani anaupeleka tu. Alipiga magoti akakata nguzo ya kwanza, akahamia ya pili. Alikata vizuri, usawa mmoja, kama anatengeneza stuli za kuuza. Alipofika ya nne nyumba ikakaa chini bila kelele.

Chini ya gunia bichi wakakuta bonge la tope, limekandwa tayari. Mmoja akapiga ukelele. Mzee Enoka akalimwagia mafuta ya taa akaliwasha. Mafuta yakaungua, tope likabaki. Wakalimwagia tena. Wameliunguza lile tope mpaka limekuwa tofali.

"Ni la Jumamosi," Bibi akaniambia. "Leo si Jumamosi?"

Nikamwambia ndiyo.

Jumapili, 13 Oktoba

Dennis amekuja kumchukua kwa pikipiki ya kukodi. Alimfunga mgongoni kwa kitenge kama mtoto, maana barabara ni mbaya. Hakumsalimia mtu. Mahubiri yalihusu upendo.

Jumatatu, 14 Oktoba

Limetikisika mara tatu. Hakuna aliyelizungumzia.

Ijumaa, 18 Oktoba

Limetikisika. Wamelizungumzia. Mke wa Enoka anasema anatikisa kutoka Tunduma. Nikamuuliza kwa njia gani.

"Mtandao, Mama Angel. Siku hizi kila kitu ni mtandao."

Jumanne, 22 Oktoba

Lusubilo ameniuliza kama nimekasirika. Nimemwambia suruali yake iko tayari.

Alhamisi, 31 Oktoba

Nimempigia Dennis, akampa Bibi simu. Wanakaa chumba kimoja cha kupanga, kando ya foleni ya malori yanayosubiri kuvuka kwenda Zambia.

"Mama Angel, huku kunatikisika mchana kutwa," akasema. "Vikombe vinacheza. Na halaumiwi mtu."

Nikamuuliza anakula vizuri. Akasema anakula. Kwa nyuma nikamsikia Dennis: "Mwambie la ukuta." Dennis akachukua simu, akaeleza mwenyewe: ameamka akamkuta mama yake anasiriba ukuta wa chumba, ukuta wa bloku na rangi ya mafuta, kwa tope la mfereji wa barabarani. Mwenye nyumba amewapa mpaka mwisho wa mwaka.

"Nikiwa na paa la kumweka huko, namrudisha kesho," Dennis akasema. "Mwenyewe hana wimbo mwingine. Lakini siwezi kumlaza chini ya mti."

Jumamosi, 16 Novemba

Mvua ya kwanza. Vifusi vya nyumba ya Bibi vimelainika na kuanza kurudi shambani. Mitetemeko imepungua. Redio inasema kundi linaelekea kwisha.

Jumatano, 27 Novemba

Eliakim ameshinda. Kaulimbiu yake ilikuwa usalama.

Jumanne, 3 Desemba

Habari kubwa. Mabati yapo kweli. Afisa wa wilaya anakuja kesho, ila wametuma neno mbele: ufa haulipwi. Watapewa waliobomokewa tu. Kijiji kizima kimekaa barazani kutazama kuta zake kwa chuki, kama mtu anavyotazama mwanaye aliyefeli.

Mimi nimeacha cherehani nikamfuata Eliakim kwake.

"Mwenyekiti, nyumba ngapi zimebomoka kwako?"

"Hakuna."

"Moja imebomoka."

Akanitazama.

"Ukiandika hakuna," nikamwambia, "wilaya itauliza miezi yote hii ulikuwa unapiga kelele za nini. Ukiandika moja, una maafa. Mwenyekiti mwenye maafa anakumbukwa."

Alifikiri. Niliona lile wazo likimwingia kama uji wa moto, taratibu.

"Bibi Tumpale," akasema. "Tetemeko la Septemba, lile kubwa."

"Lile kubwa."

"Maskini bibi wa watu," akasema, na naapa macho yake yalilowa.

Nimempigia Dennis. Kwa mara ya kwanza nimemsikia akicheka. Bibi akadai simu, akaniambia nimtafutie fito za mwanzi, zisiwe za mkaratusi, na nimwambie Lusubilo asiguse. Amekwisha kufunga mzigo wake. Mimi ambaye Eliakim simwamini hata akisema leo ni Jumanne, nalala nikimwombea uongo wake ufike salama.

Jumatano, 4 Desemba

Afisa amefika saa nne, kijana mwenye buti za mvua, mpole, hataki kuku. Ametembea nyumba zote. Kwa Mzee Enoka amepitisha kidole ufani akasema, "Huu umeanzia nje, mzee," akaendelea. Eliakim akampeleka kwa Bibi, akasimulia tetemeko la Septemba vizuri sana, mpaka mke wa Enoka akajifuta machozi. Watu wote wakaitikia. Kijiji hiki hakijawahi kusema kitu kimoja kwa pamoja hivyo. Afisa akaandika moja.

Halafu akainama, akaondoa majani kwenye visiki vya nguzo. Vinne, usawa mmoja. Akapitisha kiganja juu yake.

"Hizi zimekatwa kwa msumeno," akasema.

Akaifuta ile moja, akaandika sifuri.